Taraza

Kipande chenyewe hakizidi kiganja.
Kitani kilichogeuka rangi ya chai ya jana,
na katikati utepe wa hariri, mwekundu:
herufi zimesimama bega kwa bega
kama safu ya Ijumaa,
na chini yao sungura
(au mbwa, tumebishana sana)
anakimbia wala hafiki.

Shangazi Mize alikiweka kwenye kopo la biskuti
pamoja na hati ya shamba na jino la mumewe.
Mtoto akishikwa na homa, Limbani nzima ilijua pa kwenda.
Kopo linafunguliwa, kitambaa kinalazwa kwenye paji,
na yeye hasomi kitu, maana hakujua kusoma.
"Yaliyoandikwa yanatosha," husema.
Halafu hutusomesha sisi tuliokaa mkekani na sindano:
"Taraza ndiyo nguo. Huko katikati
ni kitambaa tu cha kukufikisha ukingoni."

Akaja Maalim Shaame, karudi masomoni, miwani mipya.
Akakishika dirishani. Akakigeuza.
Akakigeuza tena.
"Bi Mize," kwa sauti ya mtu aliyetumwa na habari ya msiba,
"hapa hapakuandikwa kitu.
Si herufi hizi. Zimefanana na herufi."

Shangazi akafunga kopo.
"Basi homa haikujua."

Kopo sasa ni langu.
Bibi mmoja wa makumbusho alikadiria: miaka mia saba.
Au mia mbili, mwigo wa mwigo, hawezi kuapa.
Akaomba nyuzi mbili akazipime.
Nikamwambia chai inapoa.

Lakini nimekaa na maneno ya Maalim,
kofia ya viua gotini, jicho baada ya jicho,
na nadhani ilikuwa hivi:
palikuwa na karakana ya mfalme,
jina lake likifumwa ukingoni mwa joho,
na aliyevishwa alijua kavishwa na nani.
Kisha soko nalo likataka.
Mfumaji wa uchochoroni akaazima joho usiku mmoja,
hajui kusoma, mkewe hajui, mnunuzi hajui,
akahesabu nyuzi kwa taa:
baraka, baraka, baraka.
Mwanafunzi wake: baraka, raka, baraka.
Mwanafunzi wa mwanafunzi: rakaba, karaba, raba,
mpaka neno likabaki tumbo na mkia,
na watu wakalivaa, wakaoa nalo, wakazikwa nalo.

Mama yangu alitia sahihi hivyo.
Daftari la ushirika wa kofia, siku ya malipo:
nundu tatu, mkia mrefu,
na nukta aliyoiweka kwa kuipenda tu.
Karani hakuuliza. Pesa ilitoka.
Tulinunua sukari, mafuta ya taa, madaftari yangu.
Mpaka alipokwenda kisomo cha watu wazima,
akarudi, akainama,
akaandika Bikombo, herufi saba, moja moja,
ulimi umetoka pembeni kama wa mtoto.
Karani akatazama kurasa za nyuma.
"Hii si sahihi yako, mama."

Mwezi huu kuna bwana harusi wa Konde.
Anataka ukanda wa kofia yake uwe kama ule wa kwenye kopo,
na kwenye simu kaniuliza pameandikwa nini.
Nimemtajia bei.

Nashona. Nundu, nundu, nundu, mkia, nafasi.
Kwenye kitani cha zamani, baada ya herufi ya tisa,
hariri nyekundu ilimwishia yule mtu.
Akaendelea kwa manjano.
Hakufumua, hakuona haya,
na mbwa (nasema ni mbwa)
anapita chini ya manjano yale bila kugeuza shingo.

Uzi mwekundu ninao, vidonge vitatu vizima.
Nikifika ya tisa, naukata.